Nani Ana Ruhusa ya Kusema "Bado"?

Hotuba kwa viongozi na watumishi wa mamlaka moja ya maji nchini Tanzania inayojiandaa kusimika mfumo jumuishi wa usimamizi wa rasilimali, yaani ERP. Imewekwa hapa yote, bila picha za ukutani, kwa ajili ya waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa idara na vitengo, ndugu zangu wa hesabu, ugavi, bili, utumishi na TEHAMA, na ninyi wa stoo mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi?

Mada niliyopewa ni wajibu wa wadau katika kusimika mfumo wa ERP. Kabla sijaenda mbali naomba niulize swali moja, na naomba msijibu kwa mdomo. Siku ya kuwasha mfumo ikifika, na mambo hayajakaa sawa, ni nani humu ndani mwenye ruhusa ya kusema "bado"?

Naona wakuu wa idara wanamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi anamtazama mkuu wa TEHAMA. Mkuu wa TEHAMA, nakuona, unamtazama mshauri elekezi. Na mshauri elekezi anatazama simu yake.

(Kicheko.)

Haya. Hapo ndipo nitakaposimama asubuhi hii. Orodha ya wadau mnayo kwenye makabrasha, imepangwa vizuri, sina haja ya kuwasomea. Ninachotaka tuzungumze ni nani anaamua nini, na nani akipiga kelele anasikilizwa.

Kwanza tuelewane mfumo wenyewe unafanya nini. Leo stoo wana leja yao, hesabu wana programu yao, bili wana yao, utumishi wana majalada na Excel. Mtunza stoo akikosea leo, kosa lake linalala kwenye leja mpaka Juni, siku ya kuhesabu mali. ERP inabomoa kuta hizo. Mtu akitoa valvu moja stoo, salio linapungua, gharama inaingia kwenye mradi husika, kasma ya bajeti inaguswa, na salio likifika kiwango cha chini, ombi la manunuzi linazaliwa lenyewe. Yote kwa kubonyeza mara moja. Uzuri wake ndio huo, na hatari yake ndiyo hiyo hiyo: kosa la stoo la saa tatu kamili asubuhi, ikifika saa tatu na dakika moja ni kosa la mhasibu, la afisa ugavi na la Mkurugenzi.

Ndiyo maana nasema mfumo huu si wa TEHAMA. Ndugu zangu wa TEHAMA msikasirike, nawatetea. Kazi yenu ni seva, mtandao, usalama, nakala rudufu na kuunganisha mfumo na mifumo mingine. Kujua kama bomba lililoandikwa kweli limo stoo si kazi yenu. Kujua kama fundi wa pampu anastahili posho ya usiku si kazi yenu. Lakini siku mambo yakiharibika, simu ya kwanza itapigwa kwenu.

Nianze na wakubwa, maana wakubwa huwa wanatoka mapema. Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani.

Kampuni ya Hershey ya Marekani inatengeneza chokoleti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliamua kubadili mifumo yake: ERP ya SAP, kampuni ya programu ya Ujerumani, pamoja na programu za kampuni nyingine mbili, mradi wa takribani dola milioni 112. Kazi ilikadiriwa kuchukua miezi 48. Uongozi ukataka iishe kwa miezi 30, kwa sababu dunia nzima wakati ule ilikuwa inaogopa kompyuta zitakorofisha mwaka 2000 ukiingia. Ratiba ikateleza kidogo. Badala ya Aprili, wakawasha Julai 1999, vyote kwa mpigo.

Sasa, Wamarekani wana sikukuu yao ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Maduka huanza kuagiza mzigo wa sikukuu hiyo miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo Hershey waliwasha mfumo mpya wakati ambapo oda kubwa za mwaka ndizo zinaanza kuingia. Chokoleti zilikuwepo. Maghala yalikuwa na mzigo. Lakini mfumo ulishindwa kuutoa mzigo ghalani ukaufikisha dukani. Sehemu ya sababu ilikuwa hii: mzigo ulipozidi, watu wa maghala walikuwa na desturi ya kuhifadhi chokoleti popote penye nafasi, na sehemu hizo hazikuwa zimeingizwa kwenye mfumo. Kompyuta inasema hakuna, mtu wa ghala anaiona kwa macho yake. Oda za takribani dola milioni 100 hazikutimizwa, na faida ya robo ile ya mwaka ikashuka kwa asilimia 19.

Jiulizeni. Aliyejua kwamba chokoleti inalala vyumba vya pembeni alikuwa nani? Na aliyepanga mwezi wa kuwasha alikuwa nani? Sidhani kama hawa wawili waliwahi kukaa meza moja.

Na msiseme programu ilikuwa mbovu. Mwaka 2002 Hershey hao hao walikamilisha kuhamia toleo jipya la mfumo ule ule, bila purukushani.

Ndugu zangu, Halloween yetu sisi ni tarehe 1 Julai. Mwaka wa fedha unaanza siku hiyo, na karibu kila taasisi inataka kuwasha mfumo siku hiyo kwa sababu salio anzia linakaa vizuri. Kihesabu ni kweli kabisa. Lakini tarehe 1 Julai mhasibu wako yuko wapi? Anafunga hesabu za mwaka ulioisha. Anakusanya madai ya wazabuni. Stoo wanahesabu mali. Wakaguzi wako njiani. Mtu huyo ukimwambia ajifunze mfumo mpya wiki hiyo hiyo atakuitikia "sawa bosi," na usiku ataingiza chochote ili orodha iishe akalale.

Mkurugenzi, kukata utepe utakata, hatukunyimi. Lakini wajibu wako wa kwanza ni kuwapunguzia watu hawa kazi nyingine, kwa barua, kwa majina, na kwa muda unaojulikana. Mtu aliyeteuliwa kwenye timu ya mfumo huku bado anadaiwa kazi yake yote ya kila siku hayumo kwenye timu. Ameandikwa tu. Na wajibu wako wa pili, mgumu zaidi, ni kupokea habari mbaya bila kumla nyama aliyeileta.

Hapo naomba niwapeleke Australia, na huko nitakaa kidogo.

Jimbo la Queensland, idara ya afya ya Serikali. Watumishi takribani 80,000: wauguzi, madaktari, wafagizi, madereva wa magari. Mfumo wao wa mishahara, LATTICE, ulikuwa umezeeka na haukuwa tena na msaada wa waliouuza. Watu waliogopa kwamba siku moja utazimika na hospitali nzima zikose mshahara. Hofu ya kweli, si ya kubuni. Mwishoni mwa 2007 Serikali ya jimbo ikasaini mkataba na IBM. Mfumo mpya ulitakiwa uwe tayari katikati ya 2008. Ukawashwa Machi 2010.

Waliokuwa na mkono kwenye kazi ile ni watatu. Kulikuwa na idara ya afya, yenye watumishi. Kulikuwa na CorpTech, chombo cha Serikali cha huduma za pamoja, kilichosimamia mkataba. Na kulikuwa na IBM, mkandarasi. Mmeliona tatizo? Anayejua zamu za wauguzi hakuwa mwenye mkataba. Mwenye mkataba hakuwa na wauguzi. Ni harusi yenye kamati tatu, na kila kamati inaamini nyingine ndiyo iliyolipia ukumbi.

Na mshahara wa muuguzi si mstari mmoja. Kuna zamu ya usiku, kuna Jumapili, kuna kuitwa ghafla, kuna posho za kila aina. Kule Queensland posho zilizidi 200, na michanganyiko ya malipo ilipita 24,000. Ni nani alitakiwa aziandike zote, moja moja, azihakiki, ndipo programu ipangwe? Tume iliyochunguza baadaye ilikuta kwamba mahitaji hayakuwahi kuainishwa sawasawa. Hayakuainishwa sawasawa! Watu wakaendelea kujenga.

Majaribio yakaonyesha hitilafu nyingi. Ungetegemea wasimame. Hawakusimama. Vigezo vya kufaulu vikalegezwa, na hitilafu zilizoonekana kubwa zikapangwa upya kwenye daraja la chini. Kulinganisha mshahara wa mfumo wa zamani na wa mfumo mpya kwa watumishi wote, sambamba, hakukufanyika. Bodi ya mradi ikaridhia kuwasha.

Siku ya mshahara ikafika. Kuna aliyelipwa pungufu. Kuna aliyelipwa zaidi, na baadaye akadaiwa arudishe. Kuna ambaye hakupata hata senti. Wakaletwa zaidi ya watu 1,000 kuchakata mishahara kwa mkono. Mkataba wa sehemu ile ya mishahara ulianza ukiwa wa dola za Australia milioni 6 na ushee. Gharama ya kuuendesha na kuutengeneza ikakadiriwa kufika bilioni 1.2 kwa miaka minane. Naomba nirudie. Milioni 6. Bilioni 1.2. Mwaka 2013 tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Richard Chesterman ilisema huenda hapajapata kutokea kushindwa kubaya kuliko huko katika utawala wa umma nchini mwao.

Kinachoniuma mimi, niliyekuwa mkaguzi wa ndani kabla ya kazi hii, ni kwamba hapakuwa na siri. Waliofanya majaribio waliziona hitilafu. Zimeandikwa. Sasa habari mbaya hupotelea wapi? Nitawaambia, maana nimeiona njia yake kwenye taasisi nyingi. Kijana anayefanya majaribio anasema, "Haifanyi kazi." Msimamizi wake anaandika, "Kuna changamoto." Mkuu wa idara anaripoti, "Changamoto zinashughulikiwa." Bodi inasoma, "Utekelezaji unaendelea vizuri." Hakuna hata mmoja aliyedanganya! Kila mmoja amelainisha kidogo tu.

Kwa hiyo nawapendekezea karatasi moja. Moja tu. Iitwe karatasi ya kuwasha. Mhasibu mkuu anasaini kwamba masalio yaliyohamishwa yanalingana na ya zamani. Mkuu wa utumishi anasaini kwamba mshahara wa miezi miwili umeendeshwa kwenye mifumo yote miwili na tofauti zote zina maelezo. Mkuu wa bili anasaini kwamba madeni ya wateja yamehamia sawasawa, kanda kwa kanda. Mkuu wa ugavi anasaini kwa stoo. Mkuu wa TEHAMA anasaini kwa seva na usalama, basi. Mmoja wao asiposaini, mfumo hauwashwi. Hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa. Hata kama fulana zimeshachapishwa.

Lakini na mimi si mtoto. Najua "bado" nyingine inatoka wapi. Kuna mtu mfumo unamzibia njia. Amezoea dokezo lipite mkononi kwake, lisipite mpaka aonwe. Huyo atasema bado leo, bado kesho, bado mpaka astaafu. Ndiyo maana anayekataa kusaini aandike: ni kitu gani hakijakaa sawa, nani anakirekebisha, tarehe ngapi. "Bado" isiyo na tarehe isipokelewe.

Sasa ninyi wa nyuma. Sogezeni viti, sehemu hii ni yenu.

Kuna taasisi moja, sitaitaja, kazi zake zinafanana na zenu. Stoo yao ilikuwa inapokea polipaipu, yale mabomba ya plastiki yanayoviringishwa, kwa roli. Leja imeandikwa roli. Mtunza stoo anajua kuna roli za mita 50, za mita 100 na za mita 150, anazitofautisha kwa kuzitazama tu. Mshauri elekezi alipopanga mfumo akaweka kipimo cha mita, kwa sababu wahandisi wanachora kwa mita. Ni sahihi. Ikaja kazi ya kuhamisha masalio. Akapewa kijana wa mafunzo kwa vitendo, yule wa chuo, ambaye hata stoo hajawahi kuingia. Leja inasema 40. Akaandika 40. Mfumo ukasoma mita 40.

Kiwango cha chini kilikuwa kimewekwa mita 500. Mfumo ukaona hatari, ukazalisha ombi la kununua. Afisa ugavi akauamini mfumo, si ndivyo alivyofundishwa? Gari likaja na mzigo. Hapakuwa na pa kuuweka. Stoo imejaa polipaipu mpaka mlangoni, polipaipu mpya zikalazwa nje juani, na kwenye skrini ya Mkurugenzi bado inaonekana kwamba kabla ya mzigo ule taasisi ilikuwa inakaribia kuishiwa.

Nilimuuliza mtunza stoo: mzee wangu, hukuona? Akanijibu, "Nimeona. Sikuulizwa. Na mfumo wameununua wakubwa."

Stoo ile ile, bomba la inchi nne lilikuwa na majina matano kwenye leja. PVC 4. Bomba 110. Paipu ya inchi nne. Bomba la maji taka mm 110. Na la tano, sikilizeni, "bomba kubwa lile la mradi." Kwa mtunza stoo hivyo vyote ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni bidhaa tano, zenye masalio matano, na kila moja inaweza kuombewa manunuzi peke yake.

Ni nani angeweza kuyaona haya mapema? Profesa? Mtu wa SAP kutoka Ujerumani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kusafisha taarifa ni kazi ya wenye taarifa. Mtunza stoo akae na mhandisi na mtu wa hesabu, bidhaa kwa bidhaa, jina moja, kipimo kimoja, halafu wote watatu waende kuhesabu kwa mkono. Inachosha. Haina posho nzuri. Haina picha ya kupiga. Na ndiyo inayoamua kama mfumo wenu utaaminika mwezi wa kwanza, maana watu wakiukuta unadanganya mwezi wa kwanza watarudi kwenye daftari, na kuwatoa tena kwenye daftari ni kazi kweli kweli.

Tukiwa hapo hapo kwenye posho, tuseme ukweli kuhusu mafunzo. Mafunzo yanafanyika hotelini, watu hamsini, projekta moja. Wanaokwenda ni nani? Wakuu wa idara, ambao mfumo wataugusa kwa kubonyeza "idhinisha" tu. Anayebaki ofisini ni dada wa bili anayeingiza usomaji wa mita za maji 300 kwa siku. Naomba iwe kinyume. Na mafunzo yafanyike kwa taarifa zenu wenyewe, mita zenu, wateja wenu, kasma zenu, si kwa kampuni ya mfano inayouza baiskeli.

Sasa nigeukie wakuu wa idara, maana ninyi ndio mnaoamua kazi ifanyikeje. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya juu ya SAP. Mwaka 2018 ikausitisha, baada ya kutumia takribani euro milioni 500. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa kitu ambacho mhasibu yeyote humu atakielewa: Lidl walizoea kuthamini mali ya stoo kwa bei ya kununulia, na mfumo kwa kawaida yake ulikuwa unathamini kwa bei ya kuuzia. Kulikuwa na njia mbili, kubadili mazoea au kubadili programu. Wakachagua kubadili programu. Na programu kubwa ukiikata hapa, inavuja pale.

Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, ilikuwa ikitumia SAP tangu 1999, ikaamua kuhamia mfumo wa kampuni nyingine, Oracle. Mwanzoni walikubaliana wafuate mfumo ulivyo. Baadaye wakaanza kuuchonga ufanane na walivyozoea, ikiwemo sehemu ya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyao na taarifa za benki. Ukawashwa Aprili 2022, na usuluhishi wa benki ukagoma. Watumishi wakarudi kulinganisha miamala kwa mkono, na halmashauri ikashindwa kujua kwa uhakika hesabu zake zimesimamaje. Bajeti ya awali ilikuwa pauni milioni 19 na kidogo. Gharama ikapita milioni 100. Septemba 2023 halmashauri ikatangaza kwamba haiwezi kumudu majukumu yake ya kifedha. Niwe mkweli, mzigo mkubwa zaidi ulikuwa madai ya usawa wa mishahara kati ya wanawake na wanaume. Lakini mfumo nao ulitajwa.

Hapa kwetu, mkuu wa idara, utaulizwa: huu utaratibu wenu, mfumo uufuate au ninyi muufuate mfumo? Usijibu haraka. Tenganisha sheria na mazoea. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 haijadiliwi na mkandarasi. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi, makusanyo yanapita GePG, mfumo wa Serikali wa malipo, hilo halina mjadala, na wanaosimamia mifumo hiyo waandikieni mapema kwa sababu hawawasubiri ninyi peke yenu. Lakini saini ya sita kwenye dokezo la kuomba wino wa printa, imetoka wapi? Nimewahi kuuliza swali hilo mahali fulani, nikaambiwa iliwekwa kwa sababu miaka ya nyuma kuna mtu aliiba wino. Mtu mwenyewe alishahama. Saini imebaki. Sasa inataka kujengewa skrini yake ndani ya ERP, kwa fedha za umma!

Mkandarasi na mshauri elekezi, kwenu nitapita haraka, mkataba wenu unasema mengi. Naomba mambo mawili tu. Mtaalamu aliyeandikwa kwenye zabuni ndiye aje kufanya kazi, asije mwanafunzi wake. Na kila mnachopanga kwenye mfumo, mpangeni mkiwa mmekaa na kijana wa hapa pembeni yenu, akishika yeye kibodi. Mkiondoka na ujuzi, kila badiliko dogo la ripoti litakuwa ankara.

Nimalizie na jambo la nywila, na hapa wakaguzi wa ndani mnisikilize.

Mwaka 2015 jirani zetu Kenya walitikiswa na kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Zilitajwa shilingi milioni 791 za Kenya. Malipo yalipita kwenye IFMIS, mfumo wa Serikali wa fedha, na mojawapo ya yaliyoelezwa ni kwamba nywila ya ofisa mmoja ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha. Mfumo ulifanya kazi yake. Uliona jina, uliona nywila, ukapitisha.

Na sisi tusicheke. Mwaka 2016 tuliambiwa watumishi hewa ni zaidi ya 10,000. Mfumo wa mishahara ungejuaje kwamba Mwalimu fulani amefariki? Aliyejua ni mwalimu mkuu, afisa utumishi, majirani waliozika. Mfumo unamlipa unayemwambia umlipe.

Sasa niwaulize, na hapa najua nagusa pabaya. Bosi akisafiri, nani anabaki na nywila yake? Kimya. Sekretari anayo. Mhasibu msaidizi anayo. Imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Mfumo umetenganisha anayeandaa malipo, anayehakiki na anayeidhinisha, na sisi tumewaunganisha tena kwenye kiti kimoja. Mkurugenzi, mfumo una sehemu ya kukaimisha madaraka kwa tarehe. Itumieni. Mkaguzi wa ndani, usisubiri mfumo uanze ndipo uje na hoja. Kaa kwenye vikao vya kupanga ngazi za ruhusa tangu sasa, uliza nani anaweza kumsajili mzabuni na pia kumlipa, na ukikuta ni mtu mmoja, andika siku hiyo hiyo.

Mteja naye ni mdau, japo hayumo ukumbini. Siku madeni yatakapohama, kuna mama ataletewa bili ya deni alilokwisha kulilipa. Atakuja na risiti yake, amekasirika, na yuko sahihi. Dawati la huduma kwa wateja lijue mapema linamjibu nini, na liwe na mtu wa kurekebisha siku hiyo hiyo, si kumwambia "mfumo ndivyo unavyoonyesha." Sentensi hiyo naomba ipigwe marufuku hapa. Iandikeni kwenye kumbukumbu za kikao.

(Makofi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, karatasi ya kuwasha ninayo hapa, haina jina hata moja bado. Nimeacha mistari mitano. Nitaizungusha kabla ya chai, na kila mkuu wa idara aandike jina lake mwenyewe kwa mkono wake, asiandikiwe na msaidizi. Pembeni ya jina aandike kitu kimoja ambacho, kisipokuwa tayari, hatasaini.

Na baada ya chai mimi sizungumzi tena. Ratiba inasema ni zamu ya mshauri elekezi kuonyesha mfumo. Namwomba radhi, tutambadilishia. Kipindi hicho wachukue watu wa stoo, waje hapa mbele na leja zao, watueleze wanavyopokea mzigo tangu gari linapoingia getini. Mshauri, wewe utakaa kiti cha mbele na daftari. Karibuni chai.